Paka mwenye presha, na gesi inayotengenezwa ndani ya mshipa

Msomaji mmoja kaniandikia kwamba paka wake wa miaka 13 kapelekwa kwa daktari wa mifugo, kapimwa, kaambiwa figo zimeanza kuchoka na presha iko juu, kaandikiwa kidonge cha amlodipini. Anauliza: "Hivi wanyama nao wana presha kama sisi? Alafu nimesoma mahali kwamba mishipa yenyewe inatoa kemikali za kupandisha na kushusha presha, mi nilijua hiyo kazi ni ya moyo na ubongo, mshipa unapitisha damu tu basi. Naomba unifafanulie zinafanyaje kazi na zinamhusu vipi paka wangu."

Pole sana kwa mgonjwa wako, na ahsante kwa swali, maana hili jambo nimelifundisha miaka mingi na bado kila nikilielezea nalipenda upya. Nitajibu kwa urefu, kaa vizuri.

La kwanza ni rahisi. Wanyama wana presha, tena presha ya damu ilianza kupimwa kwa wanyama kabla ya binadamu. Kuna kasisi mmoja Mwingereza, Stephen Hales, mwaka 1733 alichapisha majaribio yake ya farasi: alichomeka bomba kwenye mshipa mkubwa wa farasi jike, akaunganisha na kioo kirefu kilichosimama wima, damu ikapanda ndani ya kioo zaidi ya futi 8, yaani kama mita 2 na nusu hivi juu ya usawa wa moyo, na pale juu ikawa inacheza, inapanda na kushuka kila moyo ukipiga. Kwahiyo paka wako hajapata ugonjwa wa ajabu wa kibinadamu. Kila mnyama mwenye moyo unaosukuma damu kwenye mishipa ana presha, na ikiwa juu muda mrefu inaharibu vitu vilevile: macho, ubongo, moyo, figo.

Sasa hilo la pili ndo lenye utamu.

Ulichokuwa unajua hujakosea, ila hakijakamilika. Presha inategemea vitu viwili vikubwa, damu kiasi gani moyo unasukuma na ugumu kiasi gani damu inaupata kupita kwenye mishipa midogo. Na huo ugumu unabadilika kwa namna ambayo akili haizoei haraka. Mshipa ukipungua upana ukabaki nusu, ungedhani ugumu unaongezeka mara 2, kumbe unaongezeka mara 16. Ukijibana asilimia 10 tu, kitu ambacho kwa kutazama tu unaweza usikione vizuri, ugumu unapanda kwa kama nusu ya ulivyokuwa. Ndo maana mwili hauhitaji kufanya mambo makubwa kubadilisha presha, unagusa kidogo tu upana wa vile vijiateri, yaani mishipa midogo midogo ya kupeleka damu, vinavyoingia kwenye misuli, figo, ngozi, utumbo, na presha ya mwili mzima inasogea.

Nani anagusa? Mishipa ya fahamu inagusa, na inagusa haraka sana, ukisimama ghafla ndo hiyo inakuokoa usianguke. Lakini kuna mwingine ambaye kwa muda mrefu hamna aliyemtilia maanani, nao ni utando wa ndani wa mshipa. Ukiukata mshipa ukautazama kwa darubini utaona nje kuna tabaka la nyuzi, katikati kuna misuli laini imezunguka kama pete, na ndani kabisa, pale damu inapogusa, kuna safu moja tu ya seli, zimelala bapa kama vigae kwenye sakafu. Unene wa seli moja! Kwa miongo mingi watu walichukulia kwamba kazi ya hizo seli ni kuzuia damu isivuje na isigande, basi.

Hebu nikuoneshe kitu ambacho nimekiona kwa macho yangu mara nyingi na mpaka leo kinanisisimua. Unachukua kipande cha aota ya sungura, yaani ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, unakata kipete chembamba cha milimita chache, unakitundika kwenye vindoano viwili ndani ya kikombe chenye maji ya chumvi yaliyopashwa nyuzi 37 na yanapuliziwa oksijeni, kile kindoano cha juu kimeunganishwa na mashine inayochora mstari. Unadondosha noradrenalini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kubana mishipa ya damu, mstari unapanda, kipete kinajibana. Ukisubiri kikatulia unaweka asetilikolini, kemikali nyingine ya mishipa ya fahamu. Mstari unashuka, kipete kinalegea, taratibu, kama mtu anayeshusha pumzi. Sasa chukua kipete kingine cha aota ileile, kabla hujakitundika kisugue ndani kwa kijiti mara mbili tatu, ule utando utoke. Rudia. Noradrenalini inakibana kama kawaida, misuli ni mizima kabisa, ila asetilikolini sasa haikilegezi hata kidogo, wakati mwingine ndo inazidi kukibana. Dawa ileile, misuli ileile, kilichoondoka ni ile safu ya seli moja.

Huo ndio ugunduzi wa mtafiti wa dawa Robert Furchgott, alikuwa anafanya kazi Brooklyn, New York, ameshapita miaka 60, na ulitokana na kosa. Mwaka 1978 msaidizi wake maabara alikosea mpangilio wa jaribio, dawa ambayo kwa miaka yote ilikuwa inabana mishipa siku hiyo ikalegeza. Mwingine angesema futa rudia. Yeye akalifuatilia mpaka akagundua kwamba vipande vya zamani walivyokuwa wanavikata kwa mtindo fulani vilikuwa vinasuguliwa ndani bila wao kujua, na pete za sasa hazikusuguliwa. Alafu akafanya kitu kizuri sana, akachukua kipande kilichosuguliwa, ambacho peke yake hakilegei, akakibandika uso kwa uso na kipande chenye utando wake mzima, ile iliyosuguliwa ikalegea! Maana yake kuna kitu kinatoka kwenye utando wa huyu kinavuka kinamfikia yule. Akachapisha 1980 pamoja na mwenzake Zawadzki. Kitu chenyewe ni nini hakujua, na ilichukua miaka mingine kama 7 mpaka ikajulikana kwamba ni gesi, naitriki oksaidi. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi hii.

Gesi! Watu waligoma kuamini, na mi nawaelewa, maana homoni nyingi zilizojulikana zilikuwa na umbo la kueleweka, zinatengenezwa zinahifadhiwa zinatolewa zinashika kipokezi chake kama ufunguo na kitasa. Hii haihifadhiwi popote. Inatengenezwa palepale inapohitajika kutoka kwenye asidi amino (tofali la kujengea protini) inayoitwa ajinini pamoja na oksijeni, kuna enzaimu yake, yaani protini inayoifanya kazi hiyo ya kikemikali, ndani ya utando, inatoka inapenya kuta za seli bila kuomba njia, inaingia kwenye misuli laini ya jirani, inawasha enzaimu nyingine inayotengeneza molekuli ndogo iitwayo GMP ya mduara, hiyo inashusha kalsiamu ndani ya msuli, na msuli bila kalsiamu haujibani. Mshipa unatanuka. Sekunde chache gesi imeshakwisha, na ile iliyoingia kwenye damu inakamatwa hapohapo na himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kwahiyo ujumbe wake haufiki mbali na haukai, ukitaka mshipa uendelee kuwa wazi lazima utando uendelee kutengeneza nyingine, na nyingine, na nyingine.

Na nini kinauambia utando utengeneze? Asetilikolini ni ya maabara zaidi. Kwenye mnyama anayetembea jibu kubwa ni damu yenyewe inavyopita. Damu ikipita kwa kasi inausugua ule utando, seli zinahisi ule msuguano kama unavyohisi upepo usoni, zinatoa gesi, mshipa unatanuka, msuguano unapungua. Mbwa akianza kukimbia misuli yake inadai damu, damu inaongeza kasi, mishipa ya kupeleka damu huko inajifungua kwa sababu imehisi, sio kwa sababu imetumwa na ubongo. Nadhani hapa ndo penye jibu la swali lako kama ningetakiwa kulijibu kwa sentensi moja: mshipa unaisikia damu inayopita ndani yake na unaijibu.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hii sio breki ya dharura. Inakanyagwa muda wote, mchana na usiku, hata mnyama akiwa amelala. Mwaka 1989 watafiti wa kundi la Salvador Moncada huko Uingereza waliwapa sungura kemikali inayofanana na ajinini lakini ni ya bandia, inaenda inakaa kwenye ile enzaimu inaifungia njia. Presha ya sungura ikapanda. Hawajaongezewa kitu chochote cha kubana mishipa, wameondolewa tu kile kilichokuwa kinailegeza, na walipopewa ajinini ya kweli kwa wingi presha ikarudi. Mwaka 1995 wakaja panya waliozaliwa bila jeni ya hiyo enzaimu, nao presha yao iko juu kuliko ndugu zao. Yaani presha ya kawaida tunayoiita ya kawaida inashikiliwa na gesi inayoishi sekunde chache, utando ukiacha kuitengeneza, presha inapanda yenyewe.

Nisikufiche kwamba aota tunayoipenda maabara sio mahali presha inapopangwa. Ukishuka kwenye vijiateri vidogo, naitriki oksaidi inapungua umuhimu na utando unatumia njia nyingine, unatuma badiliko la umeme moja kwa moja kwenye msuli. Pia kuna prostasaiklini, iliyogunduliwa 1976, inalegeza mshipa na inazuia chembe sahani, zile chembe za kugandisha damu, zisishikane. Mwili haukuweka kazi hii mikononi mwa mmoja.

Utando huohuo unajua pia kubana. Mwaka 1988 Masashi Yanagisawa na wenzake huko Japani walitoa kwenye seli za aota ya nguruwe molekuli ya asidi amino 21, wakaiita endotelini, na inabana mishipa kwa nguvu ya kutisha, alafu haiachii haraka. Ukimchoma panya sindano yake presha inashuka kwanza kidogo, dakika tu, alafu inapanda na kukaa juu muda mrefu. Huko kushuka kwa mwanzo ndo kunanipendeza mimi, kwasababu endotelini ina vipokezi viwili, kilichopo kwenye msuli kinabana, na kilichopo kwenye utando kinauambia utando toa naitriki oksaidi. Hata mbanaji mkubwa kabisa anabisha hodi kwa mlegezaji kabla hajaanza kazi. Na ukitaka kujua inavyoweza kuwa mbaya, kuna nyoka wa jamii ya Atractaspis ambao sumu yao ina molekuli inayokaribia kufanana nayo kabisa, akikugonga ni kama kakupiga sindano ya endotelini, mishipa ya moyo inajibana.

Viumbe wanaoishi kwa damu za wengine wanazijua hizi njia kuliko sisi. Kuna mdudu mnyonya damu wa Amerika anaitwa Rhodnius, kwenye mate yake ana protini iliyobeba naitriki oksaidi tayari, imeshikwa kwenye madini ya chuma. Ndani ya tezi kuna asidi kidogo kwahiyo gesi imetulia, akichoma ngozi asidi inapungua, gesi inaachiwa, mshipa wa mnyama unatanuka, yeye anakunywa.

Turudi kwenye paka, na hapa ndo figo zinaingia. Figo zikihisi damu inayozifikia ina presha ndogo, au zikidhani hivyo kwasababu zimeharibika, zinatoa renini. Renini inakata protini moja iliyotoka kwenye ini, kinapatikana kipande kifupi ambacho chenyewe hakina nguvu, anjiotensini 1. Kipande hicho kikipita kwenye mishipa, hasa ya mapafu, kinakutana na enzaimu iliyokaa juu ya uleule utando wetu, inakipunguza tena, kinakuwa anjiotensini 2, na hiyo inabana mishipa na kuuambia mwili ushike chumvi na maji. Mtafiti Harry Goldblatt mwaka 1934 alionesha kwa mbwa kwamba ukiibana tu mishipa ya figo zote mbili presha ya mwili mzima inapanda na inabaki juu. Ile enzaimu ya kwenye utando ina kazi ya pili, inavunjavunja bradikinini, ambayo ni mojawapo ya vitu vinavyouchochea utando kutoa naitriki oksaidi. Kwahiyo kwa mkono mmoja inatengeneza cha kubana na kwa mwingine inaharibu cha kulegeza. Dawa za kuizuia hiyo enzaimu zilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, ambaye mtu akigongwa presha yake inaporomoka, ya kwanza ya kumeza ilikuwa kaptoprili.

Kuna jambo jingine la figo ambalo linaunganisha habari yote hii. Unakumbuka ile ajinini ya bandia waliyopewa sungura? Mwili unatengeneza yake ya asili, inaitwa ADMA, ni mabaki ya protini zinazovunjwa, na figo zina mchango katika kuiondoa. Mwaka 1992 ilioneshwa kwamba kwa watu ambao figo zimefeli inajikusanya kwenye damu, na kwa paka wa figo pia inapanda. Yaani mnyama anajifanyia mwenyewe lile jaribio la sungura, polepole, miezi na miaka. Angalia karatasi ya vipimo vya paka wako, huenda kuna kitu kimeandikwa SDMA. Huyo ni ndugu wa ADMA, atomu zilezile zimepangwa tofauti, ila yeye haifungi ile enzaimu, anatumika tu kama dalili kwamba figo hazichuji vizuri. Sisemi ADMA ndo imempandishia paka wako presha, kwa paka chanzo ni mchanganyiko wa mambo na daktari wako atakuwa ameangalia na tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikizidisha homoni paka wazee presha inapanda pia. Ninachosema ni kwamba figo zikichoka, upande wa kubana unaongezeka nguvu na upande wa kulegeza unapungukiwa, vyote viwili kwa pamoja.

Sasa kidonge chako. Amlodipini haigusi renini wala naitriki oksaidi, inaenda mwisho wa mnyororo kabisa, inafunga milango ambayo kalsiamu inapitia kuingia kwenye msuli laini. Kumbuka gesi nayo mwisho wa safari yake ilikuwa inashusha kalsiamu. Yaani kidonge kinafanya kwa njia nyingine kazi ambayo utando umelemewa nayo, na kwa paka inafanya kazi vizuri sana, ndo maana mara nyingi inaanzwa hiyo. Ipo pia telmisartani, hiyo inaziba kipokezi cha anjiotensini 2. Usichanganye wala kubadilisha mwenyewe, na usikatishe siku ukimuona kachangamka.

Kwenye kupima, namba inayosomwa ni ile ya juu. Kuanzia 160 tunaanza kuita presha, 180 na kuendelea ni hatari na hatusubiri. Lakini paka akiogopa presha inapanda kweli, kwahiyo mwombe daktari amwache atulie dakika 5 hadi 10 kwenye chumba kisicho na mbwa, wewe uwepo, apime mara kadhaa aitupe ya kwanza kisha achukue wastani. Kipimo kimoja cha haraka haraka paka kashikiliwa kwa nguvu hakina maana.

Na tazama macho yake kila siku. Nimeshapokea paka wengi ambao mwenyewe alikuja akisema "juzi alikuwa mzima, leo anagonga miguu ya viti", ukimulika tochi mboni zimebaki kubwa hazisinyai, na nyuma ya jicho utando wa kuonea umebanduka kwasababu vijishipa vya pale vimeshindwa na presha vikavuja. Wengine tukiwahi presha ikashuka ule utando unarudi mahali pake na wanaona tena kidogo au vizuri, wengine hapana, na inategemea sana umemleta lini. Ukiona mboni zimekuwa kubwa chumbani kwenye mwanga, au damu kwenye jicho, au anajikwaa, usisubiri tarehe uliyopangiwa, mpeleke siku hiyohiyo.